Mwaka Tuliokwenda Ureno na Mama Filomena

Mama Filomena tulimzika mwezi uliopita. Kesho yake nilikuwa jikoni kwake, mtaa wa Don Mills, Toronto, nikiosha vyombo vya watu waliokuja kutoa pole, na sebuleni ndugu zake walikuwa wakizungumza Kiingereza cha Wagoa wa Nairobi, kile kinachochanganywa na "kumbe" na "bwana" bila mtu kutambua. Binamu mmoja aliyetoka mbali akauliza kwa sauti ya chini, yule mama wa Kiswahili aliyeko jikoni ni mtu wa kusaidia kazi au ni nani hasa. Jibu sikulisikia kwa sababu ya maji ya bomba. Nilisimama na sahani mkononi, nikashangaa kwamba, katika umri huu, bado nasikiliza mlango vilevile nilivyokuwa nikisikiliza mwaka 2007, mwaka ambao karibu kila siku niliamka nikijiuliza ni nani ametuona.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilifanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno Thorncliffe Park, mahali ambapo nusu ya wagonjwa walijua ninakaa wapi, na nusu nyingine walikuwa na kaka waliyetaka anioe. Lorna, binti wa Mama Filomena, aliingia pale mwaka mmoja nyuma akiwa ameshika taya, akasoma jina langu kifuani, akasema kwa Kiingereza, "Saumu. Kama kitunguu?" Nikamwambia, kama mfungo. Akacheka, taya likamuuma, akaketi machozi yakimtoka, nami nikamletea maji ambayo hakuweza kuyanywa. Alizaliwa Nairobi akaletwa Toronto akiwa mdogo. Kiswahili alikisikia chote lakini hakuthubutu kukisema, kwa hiyo mimi nilisema Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, na baada ya muda hatukuona ajabu yoyote. Majira ya baridi yalipoingia alikuwa akilala kwangu, Crescent Town, mara nyingi kuliko alivyolala kwa mama yake. Mama aliambiwa kwamba theluji imekuwa nyingi na mabasi hayaaminiki. Theluji ilipoyeyuka tukakosa la kusema.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya juu, dirisha likitazama mahali treni ya chini ya ardhi inapochomoza na kupita juu ya barabara. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, jiko dogo la umeme na zulia nililoletewa kutoka Tanga. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kukaa, na bado kila siku nilisikiliza mlangoni kabla ya kutoka. Lifti tulipanda mbalimbali. Dukani mmoja alitangulia, mwingine akafuata na kikapu chake kama mtu asiyemjua. Lorna aliogopa watu wa parokia yake, mimi niliogopa watu wa msikiti wangu, na kwa kuwa Waafrika Mashariki wa Toronto wote hununua unga wa ugali na muhogo wa barafu katika maduka yaleyale, hakukuwa na mtaa ambao haukuwa na macho. Hakuna aliyewahi kututisha. Hilo ndilo gumu kumweleza kijana wa siku hizi: hofu ilikuwa yetu wenyewe, tuliilisha na kuitandikia kitanda, na ilikaa nasi kama mpangaji.

Watu walikuwa wakija Toronto kwa ndege kutoka pande zote za dunia kwa ajili ya Praidi, gwaride la wapenzi wa jinsia moja. Mwezi wa Juni uliotangulia mimi na Lorna tulikwenda kuitazama kwa namna yetu: tuliingia mkahawani kwenye kichochoro karibu na njia ya gwaride, tukaketi nyuma ya kioo, tukaagiza chai ambayo hatukuinywa. Nje watu walipita na ngoma na bendera, wazee wameshikana mikono, wanawake wenye watoto mabegani. Wasichana wawili wa Brazili waliingia kununua maji, wakatuuliza njia ya kituo cha treni, wakasema walikuwa wamehifadhi fedha mwaka mzima ili wafike hapa. "Mna bahati," mmoja akasema. "Nyinyi mnaishi hapahapa." Lorna akatabasamu. Walipotoka akaona kamera ya televisheni inasogea upande wetu, akainama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu, na hakuinuka mpaka nilipomwambia imepita. Kwenye treni tuliketi viti vya mbali. Nilimtazama kule mwisho wa behewa akiwa amekunja mikono, nikafikiri, hatuwezi kuendelea hivi, mmoja wetu atachoka.

Basi Januari, Lorna akaja na wazo lake. Alikuwa amevua buti mlangoni, soksi zimelowa, akaniambia kabla hata hajaketi kwamba twende tukaandamane mahali ambapo hakuna anayetujua. Lisbon, Ureno. Kulikuwa na ndege za bei nafuu zinazowapeleka Wareno wa Toronto kwao kila kiangazi, na huko nako mwezi wa Juni kulikuwa na maandamano, madogo, ya watu wanaoweza kuhesabiana kwa majina. Alikuwa amekwisha kupata nyumba ya wageni ya wanaume wawili wanaopokea watu kama sisi, chumba chenye kitanda kimoja kikubwa na kifungua kinywa. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimepewa pasi ya Kanada na sikuwahi kuitumia. Niliishika mkononi, nikamwuliza kama ataweza kweli kutembea barabarani mchana kweupe ameshika mkono wangu. "Huko, ndiyo," akasema. "Huko nitakuwa mtalii tu."

Jumapili tulikula kwa mama yake. Mama Filomena alikuwa mjane, mfupi, mstaafu wa ofisi ya forodha ya Nairobi na baadaye ya benki moja ya Toronto, na meza yake ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni za Nairobi ya zamani, hakina ngeli wala adabu. "Shikamoo, Mama," nilimsalimu, naye akajibu, "Haya, haya, kuja kaa." Nyama ya nguruwe aliipikia chungu kimoja, na mimi akanipikia kuku wa nazi katika sufuria aliyoiweka kando, ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Niliisikia sauti yake kutoka jikoni akizungumza kwa simu na dada yake wa Mississauga. "Lorna? Iko hapa, na rafiki yake, yule Mswahili. Hapana, bado hajaolewa. Sijui. Nitamwombea kwa Mtakatifu Antoni ampe mume." Lorna aliinamia sahani. Mimi nilitafuna kuku mpaka akawa hana ladha.

Sijui ni kitu gani kilimfanya Lorna aseme. Labda lile la Mtakatifu Antoni. Mama yake alipoketi, alimwambia kwa haraka kwamba mwezi wa Juni mimi na yeye tutakwenda Lisbon wiki moja, kutembea tu, kuona majengo. Mama Filomena akaweka uma chini.

"Lisbon ya Ureno?"

"Ndiyo, Mummy."

"Mtakatifu Antoni alizaliwa pale. Na Fatima iko karibu, pale Bikira Maria alitokea, mtu anaenda na basi." Akanigeukia mimi, uso umenawiri kama wa msichana. "Hata jina ni lenu, Saumu. Fatima. Mimi nataka enda Fatima tangu mama yangu hai. Sasa tutaenda sisi tatu."

Mimi na Lorna tukatazamana. Mama akadhani ni furaha, akaenda kuleta kaimati. Ndani ya wiki mbili alikuwa amekata tiketi ya ndege ileile, kwa wakala aliyeketi naye kanisani, na parokia nzima ikajua kwamba Filomena anakwenda kuhiji na binti yake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Lorna hakulala. Alianza kukohoa tena, pumu ya utotoni ambayo humrudia akiwa na wasiwasi, na alinieleza kila kinachoweza kutokea: mama anafika kwenye nyumba ya wageni anakuta bendera mlangoni, mama anauliza kwa nini kuna kitanda kimoja, mama anaanguka kwa mshtuko wa moyo katika nchi ya watu. Mwezi wa Machi, jioni moja baada ya kazi, alinichukua kliniki kwa gari la kuazima, akaegesha nyuma ya maduka ya Thorncliffe, pale watoto wanapocheza kriketi theluji ikiisha, akaacha injini inaunguruma.

"Nafikiri ni vizuri usiende," akasema, macho mbele. "Mimi nitampeleka Fatima, nitamrudisha. Wewe na mimi tutakwenda mwaka mwingine."

"Mwaka gani?"

"Saumu, tafadhali."

"Nauliza tu. Mwaka gani?"

Mimi sikuwa na haki ya kumlaumu, maana kaka yangu alipopiga simu kutoka Tanga nilimwambia ninaishi na mwanafunzi wa Kikristo anayelipa nusu ya kodi. Nilimwambia Lorna sawa. Nilishuka, nikatembea mpaka kituo cha basi na mkoba nikiubana kifuani. Wiki tatu hakuja Crescent Town. Vitu vyake vilibaki pale alipoviacha na sikuvigusa. Nilikula mkate na chai, nikaenda kazini, nikarudi, nikasikiliza treni. Kila simu ilipolia kliniki niliipokea kwa jina la daktari na sauti iliyotulia, na mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Jumamosi moja ya Aprili mlango ukagongwa, nami nikafungua bila kuuliza, nikitumaini. Alikuwa Mama Filomena, ameshika mfuko wa sufuria, koti limefungwa mpaka shingoni. Hakuwahi kufika kwangu. Alisema treni ni rahisi, lifti ndiyo mbaya, akavua viatu, akatazama chumba. Hakikuwa na pa kujificha. Nilimpa kiti pekee, mimi nikakaa kitandani, na hapo hapo nikagundua kosa langu, kwa sababu macho yake yalinifuata, yakafika kwenye mito miwili, sweta ya kijani aliyoifuma yeye mwenyewe, na mezani kando ya kitanda, dawa ya pumu ya kuvuta.

Nilijitia kuweka maji ya chai. Nilitafuta kibiriti, kikaanguka, nikakumbuka kwamba jiko ni la umeme.

"Lorna anasema wewe huendi Lisbon," akasema nyuma yangu. "Kazi nyingi."

"Ndiyo, Mama. Daktari hana mtu mwingine."

Alifungua kifungo cha koti. Treni ikapita, vikombe vikalia. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya samaki, "Bado anakohoa usiku?"

Ningeweza kusema sijui. Nimefikiri mara nyingi juu ya dakika ile, jinsi lilivyokuwa jepesi lile neno, sijui, na jinsi nilivyochoka kulibeba. "Siku za baridi tu," nikasema. "Akilala chali ndiyo inazidi. Mimi humgeuza ubavuni."

Nilibaki nimeelekea ukutani. Nilisikia kiti kinalia, nikafikiri anaondoka, na nilikwisha kuanza kupanga nitakavyompigia Lorna, nitasema nini kwanza. Lakini alikuwa anatoa sufuria kwenye mfuko. Alikuwa amepika kuku wa nazi.

"Sikiliza, Saumu," akasema. Alikuwa akifunga na kufungua kifuniko. "Wewe usiniambie kitu. Lorna pia asiniambie. Ukiniambia, mimi lazima nijibu, na jibu ile ninayo, iliyofundishwa mimi na mama yangu na padri, sitaki itoke kwa mdomo yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Huko tutachukua vyumba viwili. Mimi nakoroma. Nataka chumba yangu." Akatafuta viatu vyake. "Na usimwache bila dawa."

Lorna nilipomwambia hakuniamini, halafu akaniamini, halafu akakasirika. Nilidhani atafurahi. Alitembea huku na huku kwenye zulia langu akisema mama yake amejua muda wote, amemwacha ateseke, na sasa anaweka masharti. "Kwa hiyo mimi ni nini?" akauliza. "Ni kitu kisichotajwa mezani?" Nikamwambia mimi nilichosikia ni kwamba tunaweza kwenda. Tuligombana juu ya hilo mpaka siku ya safari, na kwa kweli tumegombana juu yake mpaka leo.

Kwenye ndege Mama Filomena aliketi katikati yetu na rozari. Lisbon mwezi wa Juni ina moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa mitaani, na kamba za karatasi za rangi kutoka dirisha hadi dirisha kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Antoni, kiasi kwamba bendera ndogo ya nyumba ya wageni haikuonekana kuwa kitu cha ajabu. Mmoja wa wenye nyumba, mzee mwenye ndevu nyeupe, alimbebea Mama sanduku, akamletea kahawa kila asubuhi, na Mama akamfundisha kutia iliki. Hakuuliza kwa nini wanaume wawili wazee wanakaa pamoja. Jumamosi ya maandamano alituambia tukatembee, yeye atasali kanisani kwa Mtakatifu Antoni, tumkute huko jioni. Hakututazama aliposema.

Tulianza juu ya mji na kushuka. Hatukuwa wengi. Mwanzoni Lorna alitembea kando yangu mikono mifukoni, akitazama roshani moja baada ya nyingine kana kwamba shangazi zake wote walikuwa wamepanga huko. Nilisikia pumzi yake inavyopiga filimbi. Nilimpa dawa, akavuta, kisha akatoa mkono na kunipa, na tulitembea hivyo, viganja vimelowa jasho, wala sikujiona shujaa. Nilijiona mtu anayevuka barabara yenye magari mengi. Lakini kadiri tulivyoshuka mwili wake ulilegea. Bibi mmoja dirishani alitupungia taulo. Lorna akampungia naye, akacheka, na nikafikiri, sasa nimemwona, hivi ndivyo alivyo.

Ndipo nikahisi vidole vyake vinakakamaa ndani ya vyangu. Hatua chache mbele yetu mwanaume mnene wa Kigoa, aliyepita miaka hamsini, alikuwa amegeuka kucheka na mwenzake Mreno, na shavuni amepakwa mistari ya rangi zote. Alikuwa Bwana Oswald, kiongozi wa kwaya ya parokia yao, aliyemfundisha Lorna kuimba akiwa na meno ya maziwa. Alituona. Sijapata kuona uso unaobadilika vile. Watu walitupita kushoto na kulia, sisi tumesimama kama tuliofumaniwa tukiiba.

"Lorna," akasema. "Mama yako yuko wapi?"

"Kanisani. Hapo chini."

"Mungu wangu," akasema polepole. Akamwomba Lorna asimwambie mtu, Lorna akamwomba yeye asimwambie mtu, wakarudia ombi lilelile mara kadhaa kama wanaosali kwa zamu. Alikuwa akija Lisbon kila Juni kwa miaka, akiaga parokiani kwamba anakwenda Fatima. Mwenzake hakuelewa lugha yetu lakini alielewa tunachozungumza, akarudi nyuma, akatuachia nafasi. Tulitoka kwenye maandamano, tukaingia uchochoro wa kuelekea mtoni tupate kupanga la kusema, na mwisho wa uchochoro ule, kwenye meza ya mkahawa, na chupa ya maji mbele yake, aliketi Mama Filomena. Kanisani palikuwa na joto, ameteremka kutafuta upepo.

Alituona wote watatu. Bwana Oswald aliinua mkono kufunika shavu, akauteremsha, akasema kwa Kiingereza kwamba naye amekuja kuhiji. Kulikuwa na ngoma nyuma yetu. Mama Filomena alisimama, akafungua mkoba, akatoa leso, akailowesha maji ya chupa. Alilazimika kunyoosha mikono kumfikia. "Inama, Oswald," akasema, naye akainama, mwanaume mzima, na Mama akamfuta shavu taratibu, akigeuza leso kila upande mmoja ulipochafuka, mpaka mistari yote ikatoka. Machozi yalimtoka Oswald, Mama akayafuta pamoja na rangi. Kisha akamwuliza kama amekula.

Tuliagiza samaki. Mama aliongoza sala ya chakula. Oswald hakujua Kiswahili, yeye alitoka Goa moja kwa moja, kwa hiyo Mama aliniinamia mimi, akang'oa mwiba mdomoni, akaniuliza kwa upole, "Katika kwaya ile, wako wangapi?" Nikamwambia sijui, Mama, mimi ni Mwislamu. Alitikisa kichwa, akaendelea kula.

Lorna hakucheka. Kwa Lorna, leso ile ilikuwa ikimfuta yeye. Kwangu mimi, mwanamke yule alikuwa ameogopa kwamba Oswald atarudi kwenye ndege na rangi usoni na watu wamwone, na alimsafisha kama ambavyo angemsafisha mtoto wake kabla ya kutoka nje. Labda yote mawili ni kweli. Kesho yake, Fatima, katikati ya mahujaji wanaotembea kwa magoti, Lorna alimshika mama yake mkono akasema, "Mummy, nataka kukuambia." Mama akasema, "Hapa watu wanasali, mwanangu," lakini mkono hakuuondoa, na walisimama vile muda mrefu, mimi nikiwa nyuma yao nimeshika mikoba.

Tuliporudi Toronto, Lorna alichukua kiangazi chote kujiandaa. Mwezi wa Septemba alimwambia mama yake kwamba anahamia kwangu, moja kwa moja, na vitu vyake. Hakuongeza sababu, na mama yake hakuuliza. Jumamosi tulikwenda na gari la kuazima. Lorna alitoka chumbani amekumbatia sanduku la vitabu, akasimama ukumbini, akanionyesha kwa kichwa ninyamaze. Mama Filomena alikuwa sebuleni, kwenye simu na dada yake, ametupa mgongo, anatazama nje ya dirisha.

"Ndiyo, anahamia Crescent Town," alikuwa akisema. "Kwa Saumu. Hapana, hapana, hatujagombana. Ni kwa ajili ya kazi tu. Kule ni karibu na kazi yake."

Ofisi ya Lorna ilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya dirisha lile. Mama yake alikuwa anaitazama.